Kusoma Masta Ukiwa Mtinko: Watu Utawapata Wapi?

Pale senta ya Mtinko kuna mama mmoja anauza chai na chapati. Ana sola, kwa hiyo umeme ukikatika tunakimbilia kwake kuchaji simu. Jioni moja nilikuwa kibandani kwake na kompyuta yangu magotini, spika masikioni, nasikiliza kipindi kilichorekodiwa. Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza.

"Mwalimu, kila siku uko na hilo dude. Unafanyia nini?"

"Nasoma, mama. Nachukua masta."

"Chuo chenyewe kiko wapi?"

"Uingereza. Lakini sijawahi kufika. Tunasoma kwa mtandao."

Akageuza chapati. "Na wenzako?"

"Wako huko huko kwenye mtandao."

"Wanakujua?"

Nikajibu ndiyo. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimemaliza muhula mzima na darasa la watu sitini na kitu, na nisingeweza kutaja hata mmoja ambaye angeshtuka nikipotea wiki tatu. Na nadhani hata mhadhiri asingeshtuka. Nilikuwa jina tu kwenye kona ya skrini, kamera imezimwa ili bando lisiishe.

Naandika makala hii kwa ajili yenu mlioko kampasi sasa hivi, kwa sababu wengi wenu mtafika nilipofika. Utamaliza digrii, utapangiwa kazi wilayani au utajiajiri nyumbani, halafu utataka kuongeza elimu bila kuacha kazi wala familia. Utafungua simu na kukuta masta za mtandaoni kibao, za hapa nchini na za nje. Masomo utayamudu. Kitakachokushinda ni kile ambacho hapo kampasi unakipata bure, na kwa kuwa ni bure hukioni.

Hebu kihesabu. Foleni ya kusaini boom, ulimfahamu nani pale? Asubuhi ya kuwahi kiti maktaba je? Asainimenti ya kundi la watu wanane ambapo watatu walifanya kazi na watano waliandikwa majina, hao watatu si bado mnatafutana? Yule mhadhiri uliyembebea mafaili mpaka ofisini, akakuuliza unatoka wapi, mkakuta amewahi kufundisha shule uliyosoma. Hakuna aliyepanga hayo. Yalitokea kwa sababu miili yenu ilikuwa sehemu moja. Mtandaoni hakuna korido. Mhadhiri akisema asanteni na kwaheri, skrini inazima na umebaki peke yako chumbani, na mbwa wa jirani wanabweka.

Kwa hiyo masta ya mtandaoni, mahusiano ya kikazi hayaji yenyewe. Unayajenga kwa makusudi kama unavyosoma somo lolote, na unayatengea muda kwenye ratiba.

Kabla ya kwenda mbele, tusafishe neno. Nikisema koneksheni, nusu yenu mtacheka, maana siku hizi neno hilo limepata maana nyingine mitandaoni ambayo siwezi kuieleza kwenye jarida la chuo. Nusu nyingine mtanuna, maana kwetu koneksheni ni mjomba aliyepo wizarani, ni undugunaizesheni, ni kazi kutolewa kabla tangazo halijabandikwa. Siwalaumu. Lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Mjomba anakupendelea kwa sababu ya damu, hata kama kazi huijui. Mtu wa taaluma anakutaja kwa sababu ameona kazi yako, na akikutaja vibaya anaharibu jina lake mwenyewe. Huyu wa pili ndiye ninayemzungumzia.

Kwa nini huyu wa pili ana thamani? Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, ambaye mwaka 1973 alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano mepesi. Aliwafuatilia wafanyakazi wa kitaalamu katika mji wa Newton, Massachusetts, akauliza habari za kazi zao walizipata kwa nani. Wengi walipata kupitia watu wanaowafahamu. Hilo halishangazi. Kinachoshangaza ni kwamba kati ya waliopata kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walisema walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Yaani aliyewapa habari hakuwa rafiki wa karibu. Alikuwa mtu wa "aisee, siku nyingi!"

Sababu yake ukiipima kwa Mtinko utaielewa haraka. Walimu wenzangu wa shuleni, watu ninaokula nao kila siku, wanajua ninachokijua. Tangazo wakiliona nami nimeliona, maana tuko kwenye makundi yale yale ya WhatsApp. Lakini mtu niliyesoma naye zamani ambaye sasa yuko Kigoma anaishi kwenye dunia nyingine, anasikia habari ambazo hapa hazifiki. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio yaliyofanyika LinkedIn kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 katika miaka mitano, na jambo hilo likaonekana tena, kwa rekebisho moja: wanaosaidia zaidi kupata kazi ni watu wa ufahamu wa wastani. Asiyekujua kabisa hasaidii sana, na rafiki wa chumbani naye hasaidii sana. Anayesaidia ni yule mliyewahi kugusana kwenye jambo fulani.

Sasa jiulize darasa la masta mtandaoni ni nini kama si ghala la watu wa namna hiyo hiyo? Sitini na kitu, kila mmoja nchi yake au mkoa wake, kila mmoja kazini tayari. Kampasini unasoma na wenzako ambao wote mnatafuta kazi. Kwenye masta ya mbali unasoma na watu ambao tayari wamo ndani ya ofisi. Hapa kwa kweli mtandao unaishinda kampasi, na watu wachache wanaligundua kabla ya mwaka wa pili.

Si jambo geni kwetu, kwa njia. Wazee wetu walisoma kwa mbali kabla ya intaneti. Mwaka 1972 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza elimu kwa njia ya posta, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wanaokadiriwa milioni mbili kupitia redio. Lakini hawakuachiwa kila mtu na redio yake kitandani. Walikaa kwa vikundi, wakasikiliza pamoja, kikundi kikajadili, kikachimba choo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, nacho hakikutegemea vitabu peke yake, kikaweka vituo mikoani, Singida ikiwemo. Ukisoma Huria, kituo cha mkoa kisiwe cha kufanyia mitihani tu. Siku za mtihani fika saa moja mapema na usikimbie kuwahi gari ukimaliza. Pale nje chini ya mti kuna ofisa mipango, mhasibu, askari, muuguzi, wote wamechoka na wote wanapenda kulalamikia swali la tatu. Hapo ndipo unapowapata.

Mimi sikuwa na kituo. Nilianza na watu wanne. Baada ya lile swali la mama wa chapati, niliandika kwenye kundi la darasa kwamba natafuta watu wa kusoma nao takwimu kila Jumapili, na nikataja kabisa ninachokielewa na kinachonishinda. Wakajibu wanne: mmoja Dodoma, mmoja Lilongwe, mmoja Accra, na mmoja Mtanzania anayeishi Muscat. Kundi la watu sitini haliwezi kukupa uhusiano, hapo kila mtu ni mtazamaji na admini ndiye anayepiga kelele. Watano mnaweza kuulizana kwa nini jana hukuja. Tulikubaliana tunatumia sauti bila picha, dakika arobaini, na asiye na bando anatumiwa muhtasari. Mambo madogo, lakini yanamfanya mwalimu wa Mtinko na ofisa wa Accra wawe sawa kwenye kikao kimoja.

Kuhusu saa, nikuonye, maana nimeungua. Vipindi vyetu vya moja kwa moja vilikuwa saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza, ambayo kwetu ni saa tatu usiku. Nikazoea. Muhula wa pili nikapewa nafasi ya kuwasilisha kazi yangu mbele ya mgeni, mtu mkubwa kwenye fani. Nikajiandaa wiki mbili, nikanunua bando la maana, nikaingia saa tatu kasoro tano. Darasa lilikuwa linaagana. Wenzetu wa Uingereza husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi chochote. Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu mwaka saa kumi na mbili yao jioni inakuwa saa mbili yetu usiku, na hakuna mtu alinidanganya, ratiba ilionyesha, ni mimi sikuangalia. Yule mgeni sikumpata tena. Nilimwandikia kuomba radhi, akajibu kwa upole mstari mmoja. Mpaka leo nikikumbuka tumbo linanikata.

Tuje kwenye kuandika ujumbe, maana hapa ndipo Watanzania tunapotea, na tunapotea kwa sababu ya adabu zetu nzuri. Sisi hatuwezi kumvamia mtu na shida. Tunatuma "Habari za asubuhi Prof." halafu tunasubiri ajibu ndipo tuseme. Yeye anaona salamu tupu, hajui unataka nini, ana ujumbe mwingine mia, anapita. Wewe unaona ameringa. Kesho unatuma "Shikamoo Dr." Kesho kutwa umekata tamaa. Salamu weka, tena weka vizuri, lakini shida iwe humo humo kwenye ujumbe mmoja. Nilimwandikia mhadhiri mmoja hivi, kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii:

"Habari za leo Dkt. Mimi ni mwanafunzi wako wa somo la tathmini, nafundisha sekondari katika mkoa wa Singida, Tanzania. Katika kipindi cha Jumanne ulisema takwimu za mahudhurio mara nyingi huongezwa. Nina madaftari ya mahudhurio ya miaka minne shuleni kwetu na naona yanashuka sana miezi ya kilimo. Je, kuna njia unayopendekeza ya kutofautisha utoro wa msimu na utoro wa kuacha shule? Swali hilo tu. Asante kwa muda wako."

Akajibu siku ile ile, aya tatu, na makala mbili za kusoma. Angalia ujumbe ule una nini. Una mimi ni nani, una kitu alichosema yeye, una kitu nilicho nacho mimi, una swali moja linalojibika. Sikuomba awe mlezi wangu wala aniunganishe na mtu yeyote. Mtu hawezi kukubali kuwa mlezi wa mgeni, lakini swali moja zuri kila mwalimu anapenda kulijibu. Mlezi anapatikana kwenye swali la nne au la tano, bila mtu kutamka neno hilo.

Na rudi useme kilichotokea. Huu ndio ufunguo ambao sikufundishwa na mtu. Umepewa ushauri, umeutumia, baada ya wiki tatu mwandikie: nilifanya ulivyosema, imetokea hivi. Wengi wanaomba na kupotea. Anayerudi anakumbukwa.

Utasema, sawa, lakini mimi wa kijijini nina nini cha kumpa mtu wa London? Hapa naomba tupande barabara kidogo. Kaskazini mwa Mtinko, ukivuka mpaka wa mkoa kuingia Manyara, kuna Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari wa Norwei, na mtu asiyeijua angedhani ni hospitali ya porini tu. Lakini kwa miaka mingi Haydom imefanya utafiti na hospitali ya chuo kikuu ya Stavanger, Norwei, kuhusu swali ambalo wakunga wa huku wanalijua vizuri kuliko mtu yeyote: kwa nini mtoto aliyekuwa mzima tumboni anazaliwa hapumui, na dakika ya kwanza ifanyike nini. Moja ya vifaa vinavyohusiana na kazi hiyo, cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, kilipewa jina la Kiswahili: Moyo.

Mradi ukakua ukawa mpango wa mafunzo ya wauguzi na wakunga, mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, kwenye vituo 30 katika mikoa mitano ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2025 matokeo yalichapishwa katika jarida la tiba la New England, mojawapo ya majarida makubwa kabisa ya udaktari duniani, na mwandishi wa kwanza ni Dkt. Benjamin Kamala wa Haydom. Walifuatilia kina mama na watoto wapatao 300,000. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu asilimia 40.

Sisemi mwanafunzi wa masta atafanya hayo peke yake na bando la wiki. Nasema uangalie uhusiano ule umesimama juu ya nini. Wanorwei wana vifaa na fedha, lakini wodi, wakunga wenye ujuzi na swali lenyewe viko huku. Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana, na ndiyo maana uhusiano umedumu. Ukienda kwa mtu mikono mitupu, ukiomba tu, uhusiano unakuwa wa ombaomba na ataukimbia. Lakini wewe uliyepo Mtinko unaona mambo ambayo profesa hawezi kuyaona: bei ya alizeti inavyobadilisha mahudhurio ya darasa, kitunguu kinavyooza kwa kukosa ghala, mgonjwa anavyoamua kwenda Hospitali ya Mtakatifu Carolus au kubaki nyumbani. Hiyo ni mali. Ipeleke ikiwa imepangwa vizuri, na namba zake.

Hapo ndipo tasnifu inapoingia. Wanafunzi wengi wa mtandaoni huchagua mada ya kusoma nyaraka tu, ili wasisumbuke na vibali. Nawaelewa. Lakini tasnifu ndiyo sababu pekee halali utakayopata ya kugonga mlango wa ofisi yoyote na kukaribishwa. Mimi nilifanya kuhusu mahudhurio ya msimu katika shule za sekondari za jirani. Barua ya chuo ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kutoka hapo kwa ofisa elimu, kisha watendaji wa kata, kisha wakuu wa shule. Ilichukua karibu miezi miwili na nauli nyingi za bodaboda. Nilikasirika sana wakati ule. Lakini hesabu nilikutana na watu wangapi! Katika ofisi moja nilikuta kijana anayeshughulika na takwimu, amekaa na majedwali ambayo hakuna aliyemwomba miaka yote. Alivyofurahi, utadhani nimemletea mahari. Tukashinda naye siku tatu. Yeye ndiye alinionyesha kwamba shule mbili zilikuwa zinajaza madaftari mwisho wa mwezi kwa mkupuo.

Nilipomaliza, niliandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili nikaupeleka kila mahali nilipochukua data. Mkuu mmoja wa shule aliniambia tangu aanze kazi wamekuja watafiti wengi, wanakusanya, wanaondoka, mimi ni wa kwanza kurudi. Sikujua kama ni sifa au ni kilio. Ila toka siku hiyo nikipita pale naitwa ndani.

Msisahau watu wa karibu kwa kukodolea macho wa mbali, hilo ni kosa la kawaida la msomaji wa mtandaoni. Ana marafiki mia tano LinkedIn na hamjui ofisa wa kilimo wa kata yake. Singida mjini kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, kuna SIDO, kuna ofisi za mkoa. Na kama fani yako ina bodi au chama, jiunge mapema: wahasibu wana NBAA, wahandisi wana ERB, watu wa ununuzi na ugavi wana PSPTB, madaktari na wauguzi wana vyama vyao. Mkutano mmoja wa siku mbili wa chama chako unaweza kukupa watu wengi kuliko mwaka mzima wa kubonyeza kitufe cha kuunganishwa. Ukiwa huna fedha za kwenda, omba kuwasilisha bango la tasnifu yako. Wakati mwingine mwasilishaji hupunguziwa ada.

LinkedIn yenyewe nitaipita haraka. Weka picha ya kawaida, sema unafanya nini na uko wapi, andika Mtinko bila aibu. Ukimwomba mtu kuunganishwa, ongeza sentensi moja ya kwa nini. Basi. Mtu asikuuzie semina ya siku tatu kuhusu hilo.

Na kuhusu kuuziwa, kuna watu wataona njaa yako. Atakuja mtu kwenye grupu na nafasi ya ufadhili, anataka "ada ya usindikaji" kwa simu. Ufadhili wa kweli upo, kwa mfano ule wa Jumuiya ya Madola kwa wanaosoma masta kwa mbali, ambao Watanzania huweza kuomba wakiwa hapa hapa nyumbani, na hauombwi kwa kumtumia mtu pesa. Kabla ya yote, hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inakitambua chuo na shahada yenyewe, la sivyo utajenga urafiki mzuri na cheti utafungia vitumbua. Na kwa dada zangu hasa, ingawa kaka nao yanawapata: mtu mwenye cheo akianza kuomba mkutane hotelini ndipo akusainie kitu, huo si ulezi wala koneksheni. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaliita kosa, na TAKUKURU wana ofisi mikoani. Tunza ujumbe wote, usifute.

Sasa nieleze kwa nini haya yote yalinihusu zaidi ya upweke. Mwaka wa mwisho niliona tangazo la kazi ya ufuatiliaji na tathmini, kazi niliyoisomea hasa. Kama matangazo mengi ya utumishi, lilitaka wadhamini watatu wanaoaminika, na mawasiliano yao. Nikakaa na karatasi. Kama lingetoka mwaka wa kwanza, ningeandika mkuu wangu wa shule, mchungaji, na mjomba. Mkuu wa shule angesema ni mwalimu mzuri. Mchungaji angesema ni muumini mzuri. Mjomba, tuache. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kusema huyu anajua kusafisha data na kuandika ripoti. Unaweza kumaliza masta kwa alama A tupu na kukosa binadamu watatu wa kuthibitisha kwamba uliisoma wewe.

Niliandika yule mhadhiri wa swali la madaftari. Nikaandika yule kijana wa takwimu, ambaye wakati huo alikuwa amepandishwa. Wa tatu nikamwandika yule mwenzangu wa Accra, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha tathmini ofisini kwao na amesoma rasimu zangu zote tangu ile Jumapili ya kwanza. Wote niliwaomba kwanza, niliwatumia tangazo na wasifu wangu, na niliwakumbusha kazi gani walinionea. Usimwandike mtu bila kumwambia. Anapigiwa simu akiwa sokoni, anasema "nani? hebu taja tena jina," na wewe umeisha.

Kazi ile sikuipata. Niliitwa kwenye usaili, nikafika hatua ya mwisho, akachukuliwa mwingine. Lakini wiki mbili baadaye mhadhiri aliniandikia kuuliza imekuwaje, na nilipomwambia, akanitaja kwa watu waliokuwa wanatafuta mtu wa kuchambua data za shule kwa miezi sita, kazi ya muda, naifanya hapa hapa Mtinko jioni baada ya vipindi. Ndiyo ninayoifanya sasa.

Mwezi uliopita yule mwenzetu wa Dodoma alikuwa na safari ya kikazi kwenda Haydom, akashuka njiani kunisalimia. Miaka miwili tumesoma pamoja, ndiyo mara ya kwanza namwona miguu. Ni mfupi kuliko sauti yake. Nikampeleka kwa mama wa chapati, maana ningempeleka wapi kwingine.

Mama akamkagua juu mpaka chini. "Wewe ndiye wa kwenye simu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mmoja tu? Wengine wako wapi?"

"Wapo, mama, wako mbali."

"Haya, karibu kiti," akasema, na akamwekea chapati mbili ambazo hakuziagiza.